Waliopika Pilau Nao Waitwe Kikaoni (Kutoka Kliniki, Sehemu ya 14)

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo.

Nimeanza na salamu zote tatu kwa sababu ndizo ninazozisikia kila asubuhi nikipita kwenye mabenchi ya kliniki ya mama na mtoto. Wiki iliyopita tuliongea kuhusu uji wa mtoto aliyetimiza miezi sita, na wengi mliniandikia. Ahsanteni sana. Leo naomba tuongee jambo ambalo halimo kwenye kadi ya kliniki, lakini naliona likiingia mlangoni pamoja na wajawazito: nafasi ya mama kwenye dini. Nani anakaa kikaoni, nani anaamua, nani anasikilizwa. Najua kuna mtu atasema, "Nesi, rudi kwenye chanjo." Vumilia mama, chanjo tutaikuta humu humu.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni muuguzi mkunga, naishi Madale. Ni huku Kata ya Wazo, Kinondoni, ukitokea Tegeta kwenye barabara inayokwenda Goba hadi Mbezi. Wengi wetu tulihamia huku tukiwa na chumba kimoja na paa, madirisha tukaweka baadaye. Nikihesabu majirani zangu watano tu, kuna aliyetoka Kilimanjaro, Kagera, Songea, Pemba na Rufiji. Kila mmoja kaja na dini yake. Ndiyo maana kwenye mtaa mmoja utakuta msikiti, kigango cha Wakatoliki, usharika wa KKKT na makanisa ya kilokole mawili matatu, na spika zote unazisikia ukiwa kitandani kwako.

Sasa jiulize, hayo majengo yalisimamaje? Nani alibeba ndoo za maji ya zege? Nani alipita nyumba kwa nyumba na daftari la michango? Nani alipika siku ya kumwaga jamvi, akafagia siku ya ufunguzi, na mpaka leo ndiye anayefua vitambaa vya madhabahu na kupiga deki msikitini upande wa akina mama? Unajua jibu.

Ukija msiba ndiyo utaona zaidi. Mama wa Kikristo wa huku anajua kabisa kwamba maziko ya Kiislamu hayasubiri, kwa hiyo sufuria zinawekwa jikoni mapema. Mama wa Kiislamu anajua misa ya marehemu ikianza saa saba, watu watarudi na njaa saa kumi. Wanamenya vitunguu kwenye mkeka mmoja, wanajua nani anakula nini na nani hali nini, na hakuna anayeuliza kwa ubaya. Siku hizi viongozi wanakutana hotelini wanaita mazungumzo ya dini mbalimbali. Vizuri sana. Ila akina mama wameshayafanya miaka mingi, tena wakiwa wamekaa kwenye vigoda.

DINI INAPOINGIA LEBA

Mtu asikwambie dini na afya ni vitu viwili tofauti. Nikiwa kazini naviona vimeshikana mikono.

Chukua mwezi wa Ramadhani. Kila mwaka nakutana na mjamzito mwenye upungufu wa damu, au anayenyonyesha mtoto wa wiki tatu, na amefunga. Namwambia, "Mama, dini yako imekupa ruhusa." Anatikisa kichwa kwa heshima, halafu kesho anafunga tena. Mimi sina neno la dini, nina neno la hospitali tu. Lakini huku kwetu kuna mwalimu mmoja wa madrasa ya akina mama, mtu mzima, mpole. Huyo akiwaambia kwamba mjamzito na anayenyonyesha, akihofia afya yake au ya mtoto, anaruhusiwa kuacha kufunga, na akawaeleza namna ya kulipa baadaye, wanasikia. Sentensi ni ile ile niliyosema mimi. Ikitoka kwa mwanamke mwenye elimu ya dini inapokewa tofauti, kwa sababu anaweza kuulizwa hata maswali ambayo mwanamke hawezi kumuuliza shehe mbele za watu: kutokwa damu, kunyonyesha, tendo la ndoa baada ya kujifungua.

Wakristo msicheke, na kwenu yapo. Nimepokea mama mjamzito aliyekuwa kwenye mfungo wa siku tatu bila maji, mfungo wa maombi. Sukari ilikuwa imeshuka vibaya.

Chukua chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, HPV. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa mabinti wa miaka 14. Aprili 2024 ikafanyika kampeni kwa mabinti wa miaka 9 hadi 14, dozi moja tu inatosha. Saratani hii ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa nchi hii, na waliofika Ocean Road kumuuguza mtu wao wanajua ninachosema. Pamoja na hayo, maneno yalipita mitaani kwamba ni dawa ya kufunga vizazi vya watoto wetu. Maneno hayo yalizimwa na nani? Mabango yalisaidia kidogo. Kilichosaidia zaidi, kwa nilivyoona mimi hapa mtaani, ni mama mmoja kusimama baada ya ibada na kusema, "Wangu ameshachomwa, huyu hapa, muulizeni."

Na chukua usiku mmoja ambao sitausahau. Saa nane usiku bajaji iliingia getini kwa kasi. Ndani alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mimba ya miezi minane, uso umevimba, anasema kichwa kinapasuka na anaona maluweluwe. Presha 170 kwa 115. Wale mnaonifuatilia tangu sehemu ya tatu mnajua hizo ni dalili za nini: kifafa cha mimba kinabisha hodi. Mume ni dereva wa lori, alikuwa safarini. Binti ni mlokole. Jioni ile mchungaji wake aliitwa, akaja, akaomba, akashauri wakeshe naye kwa maombi mpaka asubuhi. Sisemi alikuwa na nia mbaya. Hakuna mtu aliyewahi kumfundisha kwamba kichwa cha namna ile kwa mjamzito hakingoji asubuhi.

Waliomleta ni wanawake wawili. Mmoja mwenyekiti wa jumuiya ndogondogo ya Wakatoliki, amejifunga kitenge chake cha WAWATA. Mwingine kiongozi wa kikundi cha maulidi, baibui kalivaa juu ya nguo ya kulalia. Wote wawili wanakaa kikoba kimoja na yule binti. Nilimuuliza yule wa maulidi walimshawishije mchungaji. Akanijibu, "Nesi, hatukubishana naye. Tulimwambia baba mchungaji, wewe endelea kuomba, sisi tunampeleka, na ukitaka panda tuombe wote njiani." Akapanda. Alikaa mbele na dereva.

Tulimpa sindano ya kuzuia degedege, tukashusha presha, akajifungua. Mtoto alikuwa mdogo, lakini alilia. Leo anakimbia.

KIKAO

Miezi michache baadaye kulikuwa na kikao cha viongozi wa dini wa mtaa wa jirani, sitautaja. Ajenda ilikuwa afya ya mama na mtoto. Mimi niliitwa nikatoe maelezo. Niliingia nikahesabu viti: wanaume kumi na sita, mwanamke ni mimi peke yangu, tena mgeni. Nje chini ya mwembe kulikuwa na sufuria mbili za pilau, na waliokuwa wanakoleza moto ni wale wale wawili wa kwenye bajaji pamoja na wenzao.

Nikaeleza kwamba wajawazito wengi wa eneo lile wanaanza kliniki wakiwa wamechelewa, wakati tunataka mama aanze kabla mimba haijafika wiki kumi na mbili. Nikauliza, tatizo ni nini? Mzee mmoja akasema ni uvivu. Mwingine akasema ni ushirikina. Wa tatu akasema mabinti wa siku hizi hawasikii. Ilikwenda hivyo kama nusu saa.

Chakula kikaingia. Yule mwenyekiti wa jumuiya alikuwa ameshika sinia, akasikia swali linarudiwa. Akaweka sinia chini, akasema, "Wazee wangu, samahani. Hapa kuna mabinti wamekimbiwa na wanaume waliowapa mimba. Wakifika kliniki wanaambiwa waje na mwenza, na kama hawana, walete barua ya serikali ya mtaa. Binti anaona aibu kwenda kwa mwenyekiti kuomba barua ya kusema hana mwanaume. Anakaa ndani mpaka tumbo linamsema lenyewe."

Kimya. Mle ndani hakuna hata mmoja aliyekuwa analijua hilo, na mmoja wao ndiye alikuwa mwenyekiti wa mtaa mwenyewe. Nikawaeleza kwamba kuja na mwenza ni jambo tunalolihimiza kwa faida ya wote wawili, lakini mama aliyekuja peke yake hapaswi kurudishwa. Siku ile ile wakakubaliana tangazo litolewe msikitini na makanisani, kwa maneno yale yale kila mahali. Baada ya tangazo nilianza kuwaona mabinti wakija, wengine wameshikwa mkono na bibi zao.

Nataka uone kilichotokea pale. Jibu lilikuwa nje, linakoleza moto. Lingeweza kubaki nje kama pilau lingechelewa dakika kumi. Wanaume wale ni watu wema, walitaka kusaidia. Lakini mtu hawezi kuamua vizuri juu ya jambo ambalo halijawahi kumpitia, na wale linaowapitia hawakuwa na viti.

Na neno la viongozi wa dini lina nguvu, usilichukulie poa. Kule Mwanza watafiti walifanya kazi kwenye vijiji 16 wakati wa kampeni ya tohara ya wanaume, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017 kwenye jarida la kitabibu la Lancet. Vijiji ambavyo viongozi wa makanisa walielimishwa, waliotahiriwa walifika karibu asilimia 53. Vijiji ambavyo hawakuelimishwa, karibu asilimia 30. Tofauti kubwa hiyo imeletwa na elimu kwa watu wanaosikilizwa. Sasa fikiria nguvu hiyo ikielekezwa kwenye leba, kwenye lishe, kwenye chanjo, na wanaoielekeza wawe wanawake waliokwisha kuzaa.

Nchi yetu imepiga hatua. Utafiti wa taifa wa mwaka 2015/16 ulionyesha vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha 104. Hao 104 waliobaki ni mama zetu, na wengine wao wanakufa kwa sababu uamuzi wa kutoka nyumbani ulichelewa. Uamuzi huo mara nyingi hupitia kwa mume, mama mkwe, na kiongozi wa dini.

ILE YA MBAGALA

Kuna jambo lingine, nalo ni la amani. Wakubwa mnakumbuka Oktoba 2012 kule Mbagala, Temeke. Watoto wawili wa kiume walikuwa pamoja, ukatokea ubishi wa kitoto kuhusu Msahafu, mmoja akaukojolea. Kufumba na kufumbua ugomvi ukatoka mikononi mwa watoto ukawa wa watu wazima, na makanisa kadhaa yakavunjwa na mengine kuchomwa moto. Watu wengi walikamatwa.

Mimi kila nikifikiria tukio lile nafikiria watoto. Ubishi wa watoto unaanzia uwanjani, na kabla haujafika popote unapita kwa mama. Mama ndiye anayesikia kwanza, "Yule kanifanyia hivi." Baada ya moto, viongozi wakubwa walikutana kutuliza watu, na walifanya kazi nzuri. Swali langu ni la kabla ya moto. Kwenye mtaa wako, mtoto wako akikosea jambo zito kwenye dini ya jirani leo jioni, unajua ni mama gani wa upande ule utamgongea mlango usiku huu? Una namba yake ya simu? Anakufahamu kiasi cha kukusikiliza kabla hajamwita kaka yake?

Majirani zetu wa Kenya wana mfano mzuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kule Wajir, kaskazini mashariki, koo zilikuwa zinauana. Dekha Ibrahim Abdi, mama wa Kiislamu, alikaa na wenzake wachache wakaamua wamechoka. Walianzia sokoni, mahali ambapo mwanamke wa ukoo huu alikuwa hataki kumuuzia wa ukoo ule. Wakakubaliana soko liwe huru kwa wote, wakaweka watu wa kuangalia likitokea neno. Kutoka pale wakawafuata wazee, vijana, wafanyabiashara na serikali, mpaka ikaundwa kamati ya amani ya wilaya. Dekha alikuwa akifanya kazi hiyo akiwa na Kurani yake, hakuiweka pembeni. Mwaka 2007 alipewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood. Alifariki mwaka 2011 baada ya ajali ya gari. Unaona alianzia wapi? Sokoni. Huku kwetu tuna soko, kliniki, kikoba, na geti la shule ya watoto.

Na Zanzibar kuna mradi uitwao Upendo, wanawake wa Kiislamu na Kikristo wanajifunza ushonaji pamoja. Ukishona na mtu miezi sita, cherehani kwa cherehani, siku ikija redio ya mbao na maneno ya chuki utasema, "Hapana, huyo namjua."

MLANGO HAUJAFUNGWA

Kuna mama ataniambia, "Nesi, dini yetu hairuhusu mwanamke kuongoza." Mimi sijasomea dini na sitakufundisha imani yako. Kila dini ina utaratibu wake, na nani anaongoza sala au anashika madhabahu ni mambo ya wenyewe. Lakini kati ya mimbari na sufuria kuna viti vingi sana, na vingi havina katazo lolote. Vimeachwa tu.

Angalia. KKKT walikubali mwaka 1990, kwenye mkutano mkuu wao, wanawake wabarikiwe kuwa wachungaji. Dayosisi hazikuanza zote siku moja, lakini leo binti wa Kilutheri anakua akimwona mchungaji mwanamke akibatiza. Waanglikana wa Kenya walimweka wakfu Emily Onyango kuwa askofu msaidizi wa Bondo Januari 2021, na Septemba mwaka huo huo Rose Okeno akawa askofu wa Butere. Hapa hapa Kinondoni, Mikocheni B, marehemu Mchungaji Gertrude Rwakatare alianzisha kanisa la Mlima wa Moto, akaendesha shule na kukaa bungeni, mpaka alipofariki Aprili 2020. Ukubaliane naye au usikubaliane naye, hakuna aliyemuuliza nani kampa kiti.

Kwa Wakatoliki, upadre ni wa wanaume. Hata hivyo WAWATA ipo tangu mwaka 1972, na jumuiya ndogondogo ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele miaka ile ya 1970 zinaongozwa na akina mama kwa wingi. Januari 2021 Papa Fransisko alifungua rasmi kwa wanawake huduma za usomaji na utumishi wa altareni, na Oktoba 2023 kwa mara ya kwanza wanawake walipiga kura kwenye Sinodi ya Maaskofu kule Roma. Kama wamepiga kura Roma, kwenye kamati ya fedha ya kigango chako inashindikana nini?

Kwa Waislamu, BAKWATA ina jumuiya ya wanawake, JUWAKITA. Na historia ni ndefu. Wote tunajua Bibi Khadija ndiye wa kwanza kumwamini Mtume, na Bibi Aisha alipokea na kufundisha hadithi nyingi mno, wanaume wakienda kujifunza kwake. Hapa Afrika, kule Sokoto, Nana Asma'u aliyezaliwa mwaka 1793 aliandaa walimu wanawake waliokwenda vijijini kuwafundisha wenzao majumbani kwao. Na hapa Dar es Salaam, Bibi Titi Mohamed alijulikana kwa sauti yake kwenye maulidi na ngoma za lelemama kabla hajaingia TANU na kuwaita wanawake wa mji huu kudai uhuru. Sauti iliyozoea kuongoza kikundi cha dini na ngoma ndiyo iliyokuja kuongoza mikutano ya siasa.

Na Rais wetu ni mama wa Kiislamu kutoka Zanzibar. Wakristo na Waislamu wanamwita Mama Samia bila kujikwaa. Kwa hiyo tusiseme Watanzania hawajazoea kuongozwa na mwanamke.

SASA TUFANYE NINI

Mnanijua, sipendi kumaliza bila kazi za nyumbani.

Moja. Jumapili hii au Ijumaa hii, hesabu. Kamati ya ujenzi, ya fedha, ya elimu, ya afya: kuna mama wangapi? Usigombane na mtu. Hesabu tu, uijue namba.

Mbili. Anzieni na kamati ya afya na ya watoto. Huko hakuna mwanaume atakayesema hayawahusu akina mama. Pendekezeni wawili, maana mmoja peke yake atatumwa chai.

Tatu. Angalia saa ya kikao. Kikao cha saa moja na nusu usiku mwenye mtoto mchanga hafiki. Ombeni kiwe Jumamosi saa nne, na mtu aje na mtoto wake. Mtoto akilia kidogo hakuna atakayekufa.

Nne. Somesheni mabinti dini. Binti mwenye akili nzuri madrasa, asiachie Juzuu Amma kisa ameshavunja ungo. Binti anayependa neno la Mungu, muulize kama angependa kusoma theolojia. Miaka kumi ijayo nitahitaji mwalimu wa kike wa kuwaambia wajawazito wale chakula mwezi wa Ramadhani, na mchungaji wa kike anayejua dalili za kifafa cha mimba. Wanaandaliwa leo.

Tano. Tafuta mama mmoja wa dini nyingine kwenye mtaa wako, mpeane namba. Mmoja tu. Mkubaliane kwamba likitokea neno la watoto au la dini, mtaulizana ninyi kwanza.

Sita. Jifunzeni pamoja dalili za hatari. Mjamzito akiumwa kichwa sana, akiona maluweluwe, akivimba uso na mikono, akiumwa juu ya tumbo, akitoka damu au maji, au mtoto akiacha kucheza tumboni: hospitali saa hiyo hiyo. Waambieni viongozi wenu wayasome kwenye matangazo. Maombi na dua ziendelee njiani.

Akina baba mnaosoma kimya kimya, najua mpo. Ninyi ndio mnashika funguo za vyumba vya vikao. Sijawaomba muondoke. Nimewaomba muongeze viti, na siku hiyo pilau apike kijana wa kiume, au tule mihogo.

Wewe mama uliye kwenye kamati tayari, niandikie uliingiaje na ulikutana na nini, ili wenzako wajifunze. Na wewe uliyehesabu ukakuta sifuri, niandikie pia hiyo namba. Sitataja msikiti wala kanisa la mtu.

Alhamisi tunarudi kwenye manjano ya watoto wachanga, ile ya kuwaanika juani. Kuna mambo ya kurekebisha pale. Muwe na usiku mwema.